Wagon 5556: jinsi mashine ya chess ilivyonifikisha pabaya Kalemie, enzi za Zaire

Salaam kwenu wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, natoa like na kupita. Lakini juzi kuna kijana kaandika kwamba engine za chess hazikosei, nikashindwa kukaa kwenye kiti.

Ninachoandika kilinitokea mimi mwenyewe. Shahidi yuko jikoni hapa anapika sombe, kisamvu chetu, na nikiongeza chumvi atanisuta kabla yenu.

Kiswahili changu ni cha Kalemie, mtanivumilia. Na mimi ni mtu wa haraka toka kuzaliwa, nikiruka mahali mnirudishe.

Enzi za Zaire nilikuwa opereta wa phonie pale gare, yaani stesheni ya treni, ya Kalemie. Phonie ni ile redio ya upepo: unabonyeza, unasema, unaachia, unasikiliza. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia wenzetu wa njiani treni imeondoka na wagon gani, na wao kuniambia kinachokuja kutoka Kabalo, kule reli inakokutana na mto Lualaba.

Kitu kimoja cha phonie mkishike mapema. Hakuna siri. Ukisema neno Kalemie, line nzima inasikia, kila kagare ka porini mpaka Kabalo.

Na mazungumzo ya binafsi yalikatazwa. Sasa wacheza chess wa reli, na walikuwepo wengi kwa sababu kazi ya gare ni kungoja, wakabuni njia yao. Kila chumba cha ubao kilipewa namba mbili, ya safu na ya mstari. Chumba unachotoka na chumba unachoenda vinakuwa namba nne. Na wagon nazo zilikuwa na namba nne.

Basi asubuhi, baada ya ripoti za kweli, unasikia: "Kabalo, pokea wagon 5254." Wakubwa wanaona kazi inaendelea. Kumbe askari wa mbele ya mfalme amepiga hatua mbili.

Karani mmoja mgeni wa njiani aliwahi kutafuta wagon ya namna hiyo siku mbili nzima, akaandika na barua ya kueleza kwamba haijafika kwake. Tulicheka mpaka mafundi wakaja kuuliza kuna nini.

Sheria ilikuwa moja tu. Kilichosikika kwenye line kimechezwa. Hakuna kurudisha.

Turudi kwenye hoja. Mkuu wa gare ya Kabalo aliitwa Papa Mukalay. Alikuwa na binti, Ngoie, aliyesomea Kalemie akikaa kwa shangazi yake, halafu akarudi kwao kufundisha shule. Nilimpenda bila mpango wowote. Alipopanda treni ya kurudi Kabalo mimi ndiye niliyetangaza kwenye phonie kwamba treni imeondoka, na sauti ilinikatika katikati. Line nzima ilisikia hilo pia.

Nikamwandikia Papa Mukalay barua ya heshima, kwamba naomba wazee wangu waje kuongea. Jibu lilikuja kwa mkono wa mkuu wa treni, mistari miwili:

"Nimesoma. Kwanza tucheze, mambo ya wakubwa yatafuata."

Wakuu, mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikwenda kwenye kalenda nikapiga hesabu. Hatua moja kwa siku, siku za kazi tu. Mchezo mmoja unaweza kula miezi.

Na sikuwa peke yangu. Kulikuwa na fundi wa mitambo ya umeme wa Piana-Mwanga, lile bwawa la Manono, mtu mwenye cheo na nyumba ya kazi. Watu wake walishafika Kabalo mara moja, wakasema watarudi Pasaka. Shangazi yake Ngoie ndiye aliyenipa habari, akaongeza kwamba Papa Mukalay amewajibu hivi: mchezo ukiwa umeisha kabla ya Pasaka, kijana wa Kalemie atasikilizwa kwanza. Haujaisha, atawapokea wao.

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Kushindwa vibaya, nimekwisha, nani ampe binti mtu aliyepigwa mbele ya line nzima? Kuchelewa, nimekwisha.

Nilianza vizuri, nisijisifu sana. Yeye alikuwa na nyeupe, mimi nyeusi. Tulibadilishana kete nyingi tukabaki kila mtu na mfalme, ngome moja na pioni chache, yaani wale askari wadogo. Nyinyi mnaita rook endgame.

Hapo ndipo watu wengi wanadhani mchezo umekuwa rahisi kwa sababu ubao uko wazi. Ni uongo. Ngome mbili zikibaki unaweza kuwa mbele ukashindwa kushinda, na unaweza kuwa nyuma ukapona, yote kwa hatua moja ya kijinga.

Mimi nilikuwa na kitu kimoja kizuri: ngome yangu ilisimama katikati, safu ya nne, imemfungia mfalme wake upande wa kulia. Alikuwa hawezi kuvuka kuja kwa pioni zangu. Kilichotakiwa ni kukaa pale na kuboresha taratibu.

Taratibu. Mimi.

Nilikuwa silali vizuri, chakula sikimalizi, mama mwenye nyumba ananiuliza kama migebuka yake imeharibika. Kwenye phonie nilianza kujibu kabla mtu hajamaliza kusema. Pasaka ilikuwa inakuja na mimi naona ubao tu.

Sasa pale mjini kulikuwa na mwalimu wa hesabu wa Kibelgiji, tuliyemwita Prof tu. Alikuwa ameleta kutoka kwao mashine ya chess: ubao wa plastiki, taa ndogo nyekundu pembeni, na kioo kinachoonyesha namba. Unabonyeza kete pale ilipo, inafikiri, taa zinawaka kukuonyesha chumba cha kwenda. Ile namba inasema nani yuko mbele kwa kiasi gani. Kalemie nzima ilikuwepo moja tu.

Nilikwenda kwake mchana wa Jumapili nikamwomba aiweke katika hali ya mchezo wangu. Sikumwambia ni mchezo na nani. Tukaiacha ifikirie tangu tunaanza kula mpaka tumemaliza kahawa.

Ikasema: 4313. Toka katikati, ukale pioni yake ya pembeni. Kioo kikaonyesha niko mbele pioni moja na zaidi kidogo.

Sikuipenda. Nilijua ngome ikitoka katikati mlango unabaki wazi. Lakini mashine ilikuwa imetoka Ulaya, na mimi nilikuwa na wiki chache tu. Jumatatu nikabonyeza phonie: "Kabalo, pokea wagon 4313."

Papa Mukalay, ambaye kwa kawaida alijibu kesho yake, alikaa siku tatu.

Siku ya nne mfalme wake akavuka.

Nikakimbilia kwa Prof. Mashine ikasema usijali, bado uko mbele. Siku iliyofuata bado mbele, kidogo. Kila siku namba inapungua na yenyewe inanipeleka huku na kule, leo ngome iende kona, kesho irudi. Mfalme wa Papa Mukalay anakuja kwa miguu yake, haharakishi, akala pioni ya kwanza, akala ya pili. Ndipo kioo kikageuka na kusema nimezidiwa. Asante kwa taarifa.

Nilimuuliza Prof kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kujifunza: "Hii inatazama hatua nane, labda tisa mbele. Hatari yako ilikuwa hatua ya ishirini. Mashine inaona pioni ya kula leo. Haioni mutu mwenye anatembea polepole."

Asubuhi moja, baada ya ripoti, sauti ya Papa Mukalay mwenyewe ikaingia.

"Citoyen wa Kalemie, wagon 4313 na hizi zilizofuata, njo weye mwenyewe unazipanga?"

Alimaanisha, ndiwe unayezipanga? Nilishika kile kifaa. Najua kila gare inasikiliza. Najua Ngoie atasikia kabla ya jioni.

Nikasema, "Ndiyo, Papa. Ni mimi."

Akasema, "Nimepokea," akaondoka hewani.

Wakuu, siku ile sikumaliza kazi ya maana hata moja. Nilizunguka kutoka gare mpaka bandarini, kutoka bandarini mpaka gare. Niliwatazama wapakuaji wa mizigo ya Kigoma nikawaonea wivu, maana wao mzigo wao ulionekana. Nilijiona mchafu. Nilikuwa namwomba mtu binti yake na hapo hapo namdanganya mbele ya reli nzima.

Sikuvumilia zaidi ya usiku mmoja. Asubuhi, kabla hata ya ripoti, nikabonyeza.

"Kabalo, hapa Kalemie. Papa, jana nilisema uongo. Wagon 4313 sikuipanga miye. Iliipanga mashine ya Prof, na zote zilizofuata. Kama unataka kuufunga muchezo, uufunge. Umeshinda."

Niliachia kitufe. 

Halafu: "Nimepokea. Sikubali. Zamu ni yako, kijana. Endelea."

Ni hivyo tu. Lakini mlisikia? Jana nilikuwa Citoyen, lile 'raia' la kiserikali tulilolazimishwa kuitana enzi hizo, leo kijana. Nilikaa na hilo neno siku nzima.

Nikaenda kwa Prof nikamwambia ukweli wote, na kwamba mashine yake siifuati tena. Hakunilaumu. Alichukua karatasi akanichorea kinga moja ya zamani sana, ambayo alisema watu waliijua kabla umeme haujafika popote.

Nitaieleza kwa wasiocheza. Papa amebaki na mfalme, ngome na pioni moja ya katikati, imefika mstari wa tano. Mimi nina mfalme na ngome tu. Mfalme wangu akae mbele kabisa, pale pioni inapotaka kufika igeuke malkia. Ngome yangu ikae mstari wa sita na kuufunga, mfalme wake asipite. Halafu usifanye kitu. Ngome iende hatua moja pembeni, irudi, iende, irudi.

Siku akichoka na kusukuma pioni mpaka ule mstari wa sita, mfalme wake amepoteza mahali pa kujificha. Hapo ngome yako ishuke chini kabisa, ianze kumpigia check kwa nyuma, yaani kumtishia mfalme, naye hana pa kwenda. Sare.

Tukaijaribu kwenye mashine, Prof akicheza nyeupe. Hatua ya tatu tu ikatoa ngome mstari wa sita, bila sababu. Kwake vyumba vyote vilikuwa sawa, kwa sababu adhabu ilikuwa mbali kuliko macho yake. Nikaelewa kwamba ningeisikiliza tena ningezikwa.

Basi nikaanza. "Kabalo, pokea wagon 1626." Kesho yake, "Wagon 2616." Kesho yake tena 1626.

Line ikaanza utani. Mmoja wa njiani akaingia: "Kalemie, hii wagon yako imekosa mahali pa kushusha mizigo? Inaenda inarudi." Mwingine akajibu kwamba ina makuti ya nyumba ya mtu asiye na mke. Nilicheka nao, lakini ndani naungua.

Maana mtego ulikuwa huu: kinga ile inakuokoa, lakini haimalizi mchezo. Sheria ya chess inataka hatua hamsini bila pioni kusogea wala kete kuliwa ndipo iwe sare. Hamsini zangu zilikuwa siku hamsini. Pasaka ilikuwa wiki tatu.

Na Papa Mukalay hana haraka. Alihamisha ngome yake kushoto, kulia, kushoto. Angeweza kufanya hivyo mpaka astaafu.

Kila asubuhi mkono ulitaka kufanya kitu. Toa ngome, mpigie check sasa, jaribu bahati, angalau mchezo uishe. Mara mbili nilikuwa nimeshabonyeza kitufe na namba nyingine mdomoni. Mara mbili nikasema 2616.

Siku hizo mguu wa Papa Mukalay ulikuwa unamsumbua. Hakuja gare. Aliandika namba yake kwenye karatasi nyumbani, ikapelekwa gare, opereta mwenzangu wa Kabalo akanisomea.

Barua ya Ngoie ikafika, fupi kuliko zote. "Muko munangojana na Papa kila siku. Miye, nani ananingoja?"

 Ningesema nini, kwamba naenda chumba cha pembeni na kurudi kwa ajili yako?

Wiki moja kabla ya Pasaka, Jumatatu, opereta wa Kabalo akamaliza ripoti zake, akakohoa, akasema: "Kalemie, pokea wagon 5556."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Tano, tano, tano, sita.

Pioni imesukumwa. Mzee aliyetembeza mfalme ubao mzima bila kuharakisha amesukuma pioni.

Nilitafuta mtego nusu saa, sikuuona. Nikashusha ngome mpaka chini kabisa: "Wagon 2621." Kesho yake ilikuwa check. Kesho kutwa check nyingine. Alhamisi opereta akasoma karatasi ya Papa Mukalay isiyokuwa na namba, ina neno moja la Kifaransa: "Nulle." Sare.

Line ilipiga kelele mpaka nikavua visikizio. Nilitoka nje nikakaa juu ya chuma cha reli.

Kijana wa Kalemie akasikilizwa kwanza. Tulipanda treni na wazee wangu siku iliyofuata. Papa Mukalay alinipokea amenyoosha mguu juu ya kigoda. Tulipobaki wawili akaniambia:

"Ile mashine ya Prof ilipita hapa, mutoto. Ilingoja treni ya Kalemie siku mbili kwenye gare yangu, na mwenyewe aliniacha nicheze nayo. Mwanzo inanipiga. Tukibaki na ngome, inasahau kwenye inaenda. Ile 4313 nilipoisikia, nilijua nacheza na nani."

Nikamuuliza, kwa nini basi aliniuliza kwenye phonie?

"Nilitaka kusikia sauti yako. Siku ya 'ndiyo' niliambia mama Ngoie ajitayarishe kupokea watu wa Piana-Mwanga. Kesho yake nikamuambia angoje kwanza."

Nikamuuliza na la pili lililokuwa linanikereketa: kwa nini alisukuma pioni, naye alikuwa na muda wote duniani?

Akanywa chai yake taratibu. Akatazama nje, uani, walipokuwa wanawake. Akasema, "Line ilishasikia."

Nilidhani ni uzee. Au huruma.

Tukaoana. Zaire ikaisha, jina likabadilika, vita vikapita, treni zikapungua, tumezeeka. Papa Mukalay ametangulia.

Mwaka jana mjukuu aliniwekea engine kwenye simu. Nikapanga ule ubao, kete zote ninazikumbuka. Hizi za sasa si kama ya Prof. Kete zikibaki saba kushuka hazifikiri tena, zina kitabu chenye kila jibu, zinafungua tu. 4313 ikaiona kosa kabla sijatoa kidole.

Lakini nilipofika kwenye ile kinga, nikaona kitu. 1626, ikaandika 0.00. 2616, 0.00. Papa anangoja, 0.00. Papa anasukuma 5556, 0.00. Kwake ni kitu kimoja. Kungoja mpaka Pasaka ipite au kumaliza leo, sifuri kwa sifuri.

Ngoie alikuwa amesimama nyuma yangu anafuta mikono. Hajui chess vizuri, lakini namba ile aliitambua.

"Hiyo 5556," akasema, "haikuwa ya Papa. Karatasi yake ilikuwa na namba ingine. Miye njo nilikuwa napeleka gare nikienda shule. Siku ile nilikaa kwenye jiwe, nikaandika ingine. Mbele yake nilikuwa nimemuuliza opereta, kitu gani inaweza kuimaliza hii? Akaniambia, asukume pioni, akanipa na namba. Nikasukuma."

"Na Papa?"

"Alisikia jioni. Alinitazama murefu. Akasema line ilishasikia."

Miaka yote hii mimi najisifu kwa wajukuu jinsi nilivyovumilia mpaka mzee akachoka.

Kwa hiyo kijana wa ule uzi, sikukatalii, engine ya leo haikosei. Ya Prof ilikosea kwa sababu haikuona mbali. Hii ya leo inaona mpaka mwisho, na bado imeandika 0.00 kwenye hatua iliyonipa mke.

Nilichojifunza ni kidogo. Kama umesema uongo mbele ya watu, utoe hapo hapo, kabla haujaota mizizi. Na ukiwa unangoja, uliza pia nani anangoja pamoja nawe.

Mliowahi kucheza kwa phonie, kwa barua au kwa njia yoyote ya zamani, karibuni kwenye comments, nitasoma zote. Wa kunitukana pia waje. Ila kwa sasa sombe imeiva na naitwa, na nimeshajifunza kutomngojesha.